Vitengeni na Pikipiki Nyepesi za Vita

Msafiri aendaye Vitengeni akitokea Kilifi huiacha nyuma barabara kuu ya Mombasa na Malindi, na pamoja nayo huiacha bahari, minazi mirefu na upepo wenye chumvi. Nchi hubadilika polepole. Kwanza mikorosho na miembe, kisha mashamba ya mahindi na muhogo yaliyo mbalimbali, halafu vichaka vya miiba, na mibuyu iliyosimama mmoja mmoja kama wazee waliotangulia kufika barazani. Upande wa mashariki uko msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420. Mbele, upande wa kaskazini, wapita mto Sabaki, na mlima Mangea hauko mbali. Hii ndiyo nchi ya Wagiriama wa bara, nchi ya mvua haba, ambapo mkulima hupanda kwa kutumaini na mara nyingi huvuna nusu ya alichotumaini.

Njia za ndani za huku ni za namna mbili: za mchanga na za udongo. Za mchanga humchosha mtu wakati wa jua, na za udongo humshinda wakati wa masika. Gari zito likizama katika udongo ule hukaa hapo mpaka litafutiwe watu wa kulisukuma au mpaka nchi ikauke. Mtu wa miguu hupita, punda hupita, baiskeli hupita kwa kukokotwa, na siku hizi pikipiki hupita. Tena hupita kwa sababu ambayo wengi hawaifikirii: ikikwama, mwenyewe aweza kushuka, akaishika kwa mikono yake, akaitoa.

Ukifika pale madukani Vitengeni utaziona zimepangwa kivulini, wenyewe wakingoja abiria. Nyingi zimetengenezwa India au China, zenye injini ya cc 100 hadi 150, na uzito wake ni zaidi ya kilo 100 kabla hazijapakiwa kitu. Watu huziita bodaboda, jina lililotoka mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, ambako waendesha baiskeli walikuwa wakiwaita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka. Hapo zamani pikipiki katika nchi hii ilikuwa chombo cha mmisionari, cha bwana shamba au cha mwalimu aliyeweka akiba miaka mingi. Serikali ya Kenya ilipopunguza kodi ya pikipiki ndogo mwishoni mwa miaka ya 2000, vijana wa vijijini walianza kuzinunua kwa wingi, na leo hakuna kijiji cha Ganze kisichoujua mlio wake.

Lakini ni wachache kati ya vijana hao wajuao kwamba chombo kidogo cha namna hii kina historia ndefu ya vita. Watu wengi wakisikia habari za pikipiki ya askari hufikiri juu ya ile kubwa ya Kijerumani waliyoiona katika sinema, yenye kigari ubavuni na bunduki ya rashasha juu yake. Hiyo ilikuwapo kweli. Walakini majeshi yenyewe, baada ya kujifunza kwa taabu, yaligundua kwamba pale pasipo barabara pikipiki kubwa ni mzigo, na ndogo ni msaada.

Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walitumia sana pikipiki za Triumph, zilizotengenezwa Coventry, zenye injini ya cc 550, ambazo jeshi lilipewa zipatazo 30,000. Na pia Douglas za Bristol, zilizokuwa nyepesi zaidi, zenye injini ya cc 348. Kazi yake kubwa haikuwa kumpiga adui, bali kupeleka barua. Nyaya za simu zilikatwa na mizinga kila siku, na amri ya jemadari ikichelewa saa moja watu hufa bure. Kwa hiyo tarishi mmoja juu ya pikipiki, na mkoba wake wa ngozi kifuani, alikuwa na thamani kubwa kupita umbo lake.

Sasa yafaa tuirudie nchi hii ya Wagiriama, kwa sababu vita hivyo viliigusa mapema sana. Tarehe 4 Agosti 1914, siku ile ile Uingereza ilipoingia vitani na Ujerumani, serikali ya kikoloni iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Ugomvi ulikuwa umeanza kabla ya hapo. Serikali ilitaka kodi, na ilitaka vijana wa Kigiriama watoke wakafanye kazi za mashamba na za serikali. Mekatilili wa Menza na mzee Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya watu wakala viapo vya kukataa. Wote wawili walikamatwa mwezi Oktoba 1913 wakapelekwa Kisii, mwendo wa mamia ya maili. Na mwezi Januari 1914 walitoroka wakarudi kwao kwa miguu. Baada ya kaya kulipuliwa mapigano yalizuka, askari wa King's African Rifles wakaletwa, nyumba nyingi zikachomwa moto na mbuzi wakachukuliwa. Masharti ya mwisho waliyopewa Wagiriama yalikuwa faini ya rupia 100,000, kuhama ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, na kutoa wanaume 1,000 wa kufanya kazi. Kazi yenyewe ilikuwa upagazi wa vita.

Msomaji ataona jinsi mambo haya mawili yanavyoungana. Jeshi lisilo na mashine ya kuweza njia za Afrika lilikuwa na dawa moja tu, nayo ni bega la mtu. Mwaka 1916 majeshi ya Jemadari Smuts yaliposonga mbele kutoka upande wa Taveta na Kilimanjaro, yalikuja na malori, farasi, nyumbu, na hata kikosi kizima cha wapanda pikipiki kutoka Afrika ya Kusini. Mvua za masika zilipoanza, malori yalizama katika matope. Farasi na nyumbu waliuawa na ndorobo kwa maelfu. Pikipiki za siku zile, zenye mikanda ya kuendesha gurudumu badala ya minyororo, ziliteleza zikanyamaza. Kilichobaki ni mpagazi, na mzigo wake wa ratili hamsini au zaidi kichwani. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza katika vita hivyo hukadiriwa kuwa karibu laki moja, na wengine husema zaidi. Nao wengi hawakufa kwa risasi, bali kwa kuhara damu, homa na njaa. Mitaa ya Kariokor katika Nairobi na Kariakoo katika Dar es Salaam inachukua jina lake katika kikosi chao. Hao wanaume wa Kigiriama waliokataa kwenda, basi, hawakukataa jambo dogo.

Pamoja na hayo, neno la mwisho la vita hivyo lililetwa na pikipiki. Mapigano ya Ulaya yalikoma tarehe 11 Novemba 1918, lakini Jemadari von Lettow-Vorbeck alikuwa katika nchi ambayo leo ni Zambia, hana simu wala habari, na mapigano yakaendelea. Tarehe 13 Novemba askari wake walimkamata mpanda pikipiki Mwingereza karibu na Kasama. Katika barua alizochukua ndimo ilimokuwamo habari kwamba vita vimekwisha. Hivyo jemadari wa Kijerumani akaupata ukweli kutoka mkobani mwa tarishi wa adui zake. Malori yasingefika huko kwa wakati, na mpagazi angetembea siku nyingi. Na kila siku moja zaidi ingeleta makaburi.

Katika Vita Kuu ya Pili jambo hili la uzito lilitazamwa kwa makini zaidi. Pwani hii nayo haikusahauliwa na vita: ndege za Kiitaliano ziliutupia mji wa Malindi mabomu tarehe 24 Oktoba 1940, na mwanzoni mwa mwaka 1941 majeshi yaliyotoka Kenya, pamoja na askari wa King's African Rifles, yalivuka kwenda Somalia na Uhabeshi, yakaingia Kismayu mwezi Februari na Addis Ababa mwezi Aprili. Ila kwa habari ya pikipiki nyepesi lazima tuende Ulaya, maana huko ndiko mafundi walikokaa wakazipunguza moja kwa moja kwa ajili ya askari.

Chanzo chake ni cha ajabu kidogo. Kabla ya vita kiwanda cha DKW cha Ujerumani kilitengeneza pikipiki ndogo ya injini ya cc 98, na kampuni moja ya Rotterdam ilikuwa ikiiuza katika Uholanzi. Serikali ya Hitler iliwanyang'anya wafanyabiashara hao haki ya kuiuza kwa kuwa wakuu wa kampuni walikuwa Wayahudi. Wao wakapeleka mfano wake kwa Royal Enfield, kiwanda cha Redditch katika Uingereza, wakaomba watengenezewe nyingine inayofanana nayo, yenye nguvu zaidi. Mwaka 1939 ikatokea pikipiki ya cc 125. Vita vilipoanza, jeshi la Uingereza likaichukua, na askari wakaipa jina la kiroboto arukaye. Kwa hiyo mashine iliyozaliwa Ujerumani, kwa sababu ya chuki ya Ujerumani, ilirudi kupigana na Ujerumani.

Uzito wake ulikuwa kilo 59, yaani ratili 130. Ni kama gunia moja la mahindi lisilojazwa sana. Askari mmoja mwenye nguvu aliweza kuivusha mfereji au kuiinua juu ya ukuta wa mawe, na wawili waliifanya kazi hiyo wakizungumza. Mwendo wake haukuwa wa kutisha, kama maili 45 kwa saa. Mafundi waliibadilisha kwa kazi ya vita: usukani uliweza kulegezwa na kugeuzwa ili usichukue nafasi, mfuniko wa tangi la petroli ulifungwa barabara usivuje hata mashine ikipinduliwa, na mlio wa ekzosi ulitulizwa ili adui asisikie mapema. Kisha iliwekwa ndani ya kizimba cha mabomba ya chuma, ikafungwa mwavuli, ikatupwa kutoka angani pamoja na askari. Nyingine zilipakiwa katika ndege zisizo na injini zilizovutwa kwa kamba na ndege kubwa.

Ilikuwapo na ndogo kupita hiyo, iliyoitwa Welbike. Hiyo ilikuwa na injini ya cc 98 na uzito wa kilo 32 tu. Ilikunjwa yote ikaingia katika pipa la chuma la kutupia vifaa. Haikuwa na springi, haikuwa na gia za kubadilisha, na breki yake ilikuwa moja, ya nyuma. Zilitengenezwa zaidi ya 3,600. Juu ya karatasi ilikuwa mashine nzuri ajabu. Lakini nchini, magurudumu yake madogo yalizama katika kila shimo, na mara nyingi pipa lilianguka mbali na mtu aliyetakiwa kuipanda, hata askari wengi wakaona ni afadhali kwenda kwa miguu. Naitaja kwa sababu yaonyesha kwamba wepesi nao una kikomo. Chombo kikipunguzwa mno hakiwezi tena njia, hata kama mtoto aweza kukibeba.

Kule Arnhem, katika Uholanzi, mwezi Septemba 1944, askari wa miavuli wa Uingereza walishuka mbali na daraja walilotumwa kulitwaa, na simu zao za upepo hazikusikilizana. Katika mji wenye miti na nyumba nyingi, ambapo kikosi hakijui kilipo kikosi kingine, barua ya mkononi ilirudi kuwa na thamani ile ile ya mwaka 1918. Pikipiki hizi ndogo zilikuwapo. Hazikuwaokoa watu wale, kwa maana vita vile vilishindwa kwa sababu kubwa zaidi, lakini mtu asomaye habari za Arnhem huelewa kwa nini jeshi tajiri lilikubali kubeba angani pikipiki yenye nguvu haba kiasi hicho.

Vita vilipokwisha, michoro ya DKW ya cc 125 ilichukuliwa na washindi kama fidia. Waingereza wa BSA wakatoa pikipiki yao iitwayo Bantam mwaka 1948, Wamarekani wa Harley-Davidson wakatoa yao, Warusi wakatoa yao, na mwaka 1955 kampuni ya Yamaha ya Japani ilianza biashara yake ya pikipiki kwa mashine iliyofuata mfano huo huo. Ndipo pikipiki nyepesi ilipoacha kuwa ya tarishi wa jeshi ikawa ya karani, ya postamasta na ya mkulima. Zile zilizopangwa kivulini Vitengeni si wajukuu wake wa damu, kwa kuwa injini zake ni za namna nyingine, lakini zimerithi kazi yake: kumchukua mtu mmoja na mzigo mdogo mahali ambapo gari haliwezi.

Hapo kwenye neno mzigo mdogo ndipo penye shida. Karibu na madukani nilimkuta fundi kijana akichomelea vyuma katika pikipiki iliyovuliwa kiti. Alikuwa akiirefusha keria kwa nondo, na kuongeza vyuma vya kukinga miguu mbele.

Nikamwuliza, "Fundi, vyuma vyote hivi vya nini?"

Akasema, "Mzee wangu, huyu hubeba makaa. Magunia matatu, pengine manne. Chuma cha kiwandani hakiyawezi."

"Na springi zayaweza?"

Akacheka. "Springi tumezifungia mpira, mzee. Zikikatika atarudi."

Nilisimama nikiitazama kazi yake, ambayo kwa kweli ilikuwa safi, nikaona kwamba jeshi na kijiji vimeichukua mashine moja vikaenda nayo njia mbili. Jeshi lilipunguza. Mafundi wa Redditch walihesabu kila ratili, wakauliza kila chuma kina faida gani kwa mtu atakayeipanda chini ya risasi. Huku kwetu twaongeza. Twaongeza chuma ili tuongeze mzigo, kisha twaongeza mzigo ili kilipwe kile chuma. Pikipiki iliyotoka dukani na kilo mia moja na kitu yatoka kwa fundi imezidi, hupakiwa makaa, au madumu ya maji, au mama na watoto wawili, na mwendeshaji hukaa juu ya tangi la petroli kwa kukosa mahali. Sheria ya Kenya huruhusu abiria mmoja tu, tena mwenye kofia ya chuma. Askari wa barabarani hukaa barabara kuu. Njia za mchanga za kuelekea Mangea hazina wa kumkataza mtu.

Simlaumu mwendeshaji peke yake. Ukimwuliza atakwambia, na ni kweli, kwamba mkulima mwenye magunia mawili ya mahindi hana nauli ya safari mbili. Na iko mizigo isiyokatalika. Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku, na zahanati haina uwezo wa kumsaidia, ni nani atakayengoja gari? Huketishwa katikati, mwendeshaji mbele na shangazi au mama mkwe nyuma yake amemkumbatia, wakaanza safari ya gizani. Watu wa Vitengeni watakusimulia za waliojifungua salama baada ya kufika hospitali ya Kilifi, na za waliojifungua njiani. Hizo za namna ya tatu husimuliwa kwa sauti ndogo.

Majeshi yalilijua tatizo hili pia. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeruhi walibebwa katika pikipiki zenye kigari ubavuni, mgonjwa akilazwa juu ya machela. Katika baadhi ya nchi za Afrika pikipiki za namna hiyo zimekuwa zikitumiwa kuwachukua wagonjwa wa vijijini. Kigari hicho hutaka njia pana kidogo, nacho hakipendi mchanga mzito, kwa hiyo sisemi kwamba kingefaa kila mahali huku. Lakini katika njia za kuingia Vitengeni zilizopigwa greda kingepita, na mama angelala badala ya kukaa kama gunia kati ya watu wawili. Gharama yake ni chini sana kuliko ya gari la wagonjwa. Wazee wa vijiji na wajumbe wa wadi wakikutana kugawa fedha za maendeleo, hili ni jambo la kulitia katika hesabu mapema, kabla fedha hazijakwisha kwa kuta za ofisi.

Aidha, mwenye kununua pikipiki kwa njia za huku angefanya vyema kutazama uzito kabla ya kutazama nguvu za injini na rangi ya tangi. Vijana wengi hupenda ile kubwa, kwa heshima. Kwenye lami heshima hiyo yaonekana. Lakini masika ya Ganze hayajali heshima ya mtu. Udongo ukishika gurudumu, mwenye pikipiki nzito hukaa kando akingoja msaada, na mwenye nyepesi huvua viatu, huishika keria, huinua, na kwenda zake.

Jambo hili wenyewe hawalikosi, ingawa hulikumbuka kwa msimu. Yule fundi aliniambia kwamba mawingu ya mwezi Aprili yakianza kukusanyika upande wa bahari, waendeshaji humjia mmoja mmoja wakitaka wakatiwe keria ndefu na vile vyuma vya ziada, kwa kuwa pikipiki haiinuki tena matopeni. Mwezi wa Agosti, njia zikikauka na biashara ya makaa ikirudi, huja tena wakitaka vyuma vile vile virudishwe.

Nikamwuliza kama huvitupa.

"La, mzee," akasema, akinionyesha rundo la nondo nyuma ya kibanda, kila moja imefungwa kitambaa chenye namba ya pikipiki. "Hivi ni vya watu. Mimi hulipwa kuvitoa, na hulipwa kuvirudisha."